Dhamiri Isiwe Kisingizio cha Kumfukuza Mgonjwa

Najua hii itawaudhi baadhi yenu. Soma kwanza, kisha tugombane.

Kwenye kikao chetu cha vijana mmoja aliuliza: muuguzi Muislamu anaweza kukataa kumhudumia mgonjwa transjenda, yaani aliyezaliwa na jinsia moja na anaishi kwa nyingine? Nusu ya chumba wakajibu "ndio" kabla hajamaliza swali.

Hebu tulia. Katiba yetu, kifungu cha 32, inalinda dini na dhamiri. Ndicho tunachokishika dada akiambiwa avue hijabu kazini, kwa hivyo mimi sitaki mtu akichezee. Daktari ambaye imani yake haimruhusu kufanya upasuaji wa kubadili jinsia, mwacheni, afanye mwingine. Hapo sina neno.

Lakini mgonjwa huyohuyo akija na malaria? Akija na mguu uliovunjika? Umekatazwa nini hapo na dini yako?

Marekani wamevutana sana juu ya hili. Mwaka 2019 serikali ya Trump ilitoa kanuni ya kupanua haki ya wahudumu wa afya kukataa, ikagusa hata anayepanga tu ratiba ya upasuaji. Novemba mwaka huohuo jaji wa New York akaifuta kabla haijaanza kutumika. Sababu mojawapo ni kwamba iligongana na sheria inayolazimisha hospitali kushughulikia wagonjwa wa dharura.

Dharura si mchezo. Agosti 1995, jijini Washington, Tyra Hunter, mwanamke transjenda, alipata ajali ya gari. Mhudumu wa dharura akamkata nguo ili amtibu, akaona maumbile yake, akaacha kazi na kuanza kumkejeli. Tyra alifariki siku hiyo. Mama yake akashtaki, na mwaka 1998 baraza la mahakama likaamua alipwe zaidi ya dola milioni 2. Pale dini haikuwa hoja, ilikuwa dharau tupu. Ila mwenye dharau ukimpa neno "dhamiri", atalitumia, wallahi.

Kwetu, kifungu cha 43 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hakikuongeza "isipokuwa". Na kuhifadhi uhai ni katika malengo makuu ya sharia, hilo umelisoma madrasa.

Kuna usiku nilimkimbiza hospitali kijana wa mtaani kwetu, kichwa kinavuja damu. Karani wa kaunta aliangalia kanzu, akaangalia jina kwenye kitambulisho, akasema tukae pembeni, polisi waitwe kwanza. Waliokuja nyuma yetu wakaingia kwa daktari. Tulikaa pale karibu saa nzima, nimemshikilia shuka kichwani. Yule karani naye, ungemuuliza, angekwambia anafuata dhamiri yake.