Bibie wa kwenye kioo nusura avunje posa ya watu!

Mwenzenu wiki hii nina aibu ya kuwamegea. Chekeni mtakavyo, lakini mjifunze, maana leo kwangu, kesho kwako.

Iko hivi. Mshikaji wangu mmoja tuliyesoma naye sekondari kapata mchumba Kigamboni. Siyo mchumba wa kuzugana, la hasha! Mchumba wa kupelekewa barua. Siku ikapangwa: Jumamosi, saa nane mchana, nyumbani kwa binti. Baba wa binti akatoa neno moja tu: "Saa kumi naingia zamu. Mkichelewa, barua yenu mtaisomea getini."

Udereva nikapewa mimi. Mkoko wa kuazima, nyuma kakaa mjomba wa mshikaji, ambaye ndiye mshenga, pamoja na shangazi wawili na barua yao kwenye kitambaa cheupe. Pembeni yangu kakaa dada wa mshikaji, mtoto kapendeza kwelikweli. Hapo ndipo shetani aliponipitia.

Mwenzenu nina kile kidude cha kuonyesha njia, kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele. Nilikinunua mtumba Kariakoo, kimetokea Uingereza, na ndani yake kuna bibie anaongea Kizungu cha puani: kata kushoto, kata kulia. Si unajua tena ujana? Nikaona leo ndiyo siku ya kutesa. Nikaandika Kigamboni, bibie akaitika, safari ikaanza.

Sinza mpaka Tazara, mambo poa. Kufika Uhasibu, bibie akaniamuru niishike barabara ya Kilwa, nielekee Mbagala. Mjomba akakohoa kidogo.

"Mwanangu, daraja si liko mbele hapo?"

"Mjomba, huyu anaona kwa setilaiti," nikamjibu kwa mbwembwe. "Lazima darajani kuna foleni, anatukwepesha."

Mzee wa watu akanyamaza. Heri angenizaba kibao!

Foleni tuliikuta Mbagala, tena ya kukata na shoka. Kutoka hapo bibie akatuingiza kwenye vichochoro. Kichochoro cha kwanza kina madimbwi, cha pili kina makorongo, na cha tatu kinaishia kwenye ukuta wa nyumba ya mtu. Bibie bado anang'ang'ania niende mbele! Kijasho chembamba kikanitoka. Dada pembeni yangu kageukia dirishani, hataki hata kuniangalia. Shangazi mmoja akauliza taratibu, "Baba, sasa ni saa ngapi?" Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Kilichotuokoa ni kijana wa bodaboda. Mjomba alishuka mwenyewe, akamwamkua vizuri, akampa chake, na yule kijana akatutangulia mpaka Kongowe, kisha tukaishika njia ya Kibada. Tulifika saa kumi kasoro robo. Baba mtu kashavaa sare, yuko mlangoni. Pilau imepoa, kina mama wamenuna. Barua aliipokea kwa kusimama, akatutoza faini ya kuchelewa, akasema jibu tutalisikia. Mwenzenu nikawa mdogo kama piritoni. Mshikaji hakunisemesha siku tatu nzima.

Siku ya nne nikakipeleka kile kidude kwa jamaa mmoja anayevijua vifaa hivi. Nilikwenda kushtaki, kumbe mshtakiwa ni mimi! Jamaa akafungua sehemu ya mipangilio, akacheka mpaka akakaa chini. Nisikilizeni kwa makini hapa.

Kwanza, bibie haoni foleni. Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200, na kazi yake ni kutuma mawimbi ya redio yenye saa na mahali zilipo. Kidude kikipata mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, kinapiga hesabu na kujua kipo wapi. Basi! Njia kinaitoa kwenye ramani iliyomo tumboni mwake. Habari za foleni lazima ziletwe kwa huduma nyingine kabisa, na changu hakina huduma hiyo. Kwa hiyo yale niliyomwambia mjomba yalikuwa uzushi mtupu.

Pili, ramani yenyewe ilikuwa ya mwaka 2014. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016. Kwa bibie pale pana maji matupu! Daraja la juu la Tazara limefunguliwa mwaka 2018, na lile la Ubungo mwaka 2021. Yote hayo hayajui. Ukinunua kidude cha mtumba, swali la kwanza usiulize bei, uliza ramani ni ya mwaka gani na kama inaweza kubadilishwa.

Tatu, na hapa ndipo nilipoficha uso. Kuna orodha ya vitu vya kuepuka: vivuko, barabara za kulipia, barabara za vumbi, kugeuza gari katikati ya njia. Mwenye kidude wa kwanza, huko Uingereza, aliweka alama kwenye vivuko na barabara za kulipia. Labda alikuwa mbahili, labda anaogopa maji, shauri yake. Sasa jumlisha wewe mwenyewe: daraja halimo kwenye ramani, pantoni ya Magogoni imekatazwa. Njia iliyobaki ni kuzunguka Mbagala! Na hata kama ramani ingekuwa mpya, daraja letu ni la kulipia, hivyo ile alama ya pili ingeweza kututimua vilevile.

Nne, ni aina ya njia. Kuna njia ya haraka na kuna njia fupi, na hizi si ndugu. Ukichagua fupi, bibie anahesabu kilomita tu, atakupitisha hata uani kwa watu ilimradi apunguze mita hamsini. Changu kiliwekwa fupi. Ndiyo sababu ya vile vichochoro. Wewe weka ya haraka, ila ujue haraka yake ni ya kukadiria: anaangalia ukubwa wa barabara na mwendo uliowekwa kwenye ramani, hajui tuta wala dimbwi. Kuna vidude vina na chaguo la tatu, la mstari ulionyooka. Hilo waachie wanaokwenda porini, maana halifuati barabara kabisa.

Kwa hiyo bibie hakukosea hata kidogo. Alitii amri. Tatizo amri zilitolewa na mtu nisiyemjua, mimi nikazifuata na wazee wa watu ndani ya gari.

Sasa, kwa wale wenye vidude hivi, jamaa alinipa na dawa za vituko vingine. Kimegoma kushika setilaiti? Usikigombeze. Kama kimelala muda mrefu au kimesafiri kutoka nchi nyingine, kinahitaji dakika kadhaa kujitafuta. Toka chini ya bati au jengo, simama mahali pa wazi, ukiache kitulie kabla ya kuondoka.

Umechomeka kikakataa kuonyesha njia, kinatoa picha ya kompyuta? Ni kebo hiyo. Vipo vidude ambavyo ukivipa kebo ya kawaida ya kompyuta vinadhani vimeunganishwa na kompyuta kweli. Tumia chaja yake mwenyewe ya kwenye tundu la kuwashia sigara.

Kimeganda? Vingi vyake vinakubali ukibana kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa mpaka vizime, kisha uwashe upya. Kinaonyesha tarehe ya ajabu? GPS huhesabu wiki mpaka 1,024, halafu inaanza sifuri. Ilirudi sifuri Aprili 2019, na vidude vya zamani ambavyo havikuwekewa programu mpya vinaweza kuchanganyikiwa tarehe, ingawa mahali mlipo vikapata sawasawa.

Jambo la mwisho, ambalo ni langu mwenyewe. Ukishafika kwa mtu, hifadhi pale mahali kwenye kidude, maana mitaa yetu mingi tunaelekezana kwa mwembe na duka la Mangi. Kabla ya kuondoka, angalia njia nzima kwenye kioo, usisubiri kona moja moja. Ukiona inaanza kukupeleka mnakokujua siko, simama pembeni, urekebishe gari likiwa limesimama. Na kama nyuma yako kakaa mzee aliyeishi mji huu miaka arobaini, akikohoa, msikilize. Mjomba yule alikuwa na ramani ya mwaka huu kichwani. Mimi nikamchagua bibie wa mwaka 2014.

Mnataka kujua posa imeishia wapi? Jibu limeletwa juzi. Wamekubali, mahari imetajwa, na siku ya kuipeleka imepangwa. Sharti liko moja, tena limeandikwa kabisa kwenye karatasi: mje kwa darajani, na yule dereva wenu abaki nyumbani.

Haya, mimi mwenzenu nabaki nyumbani. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.