Choo Kilivyonigombanisha na Mama wa Chumba cha Tatu

Wiki hii sina habari za disko wala za mapenzi. Nawaletea choo. Usicheke, endelea kusoma.

Nimepanga Chamwino. Nasema Chamwino hii ya mjini Dodoma, siyo ile ya Ikulu iliyozinduliwa Mei 2023. Tuko vyumba vitano, choo kimoja cha kuvuta, mita moja, na bili tunagawana. Mwezi uliopita ikaruka karibu mara mbili! Baba mwenye nyumba akatuita uani. "Mbukwenyi wanangu. Nani humu anachezea maji?"

Macho yote yakaenda kwa mama wa chumba cha tatu, mwenye watoto watatu na nepi za kufua kila siku. Na mimi, Mungu anisamehe, nikadakia: "Mama naye anazidisha kufua." Mzee akampa hadi mwisho wa mwezi, alipe nyongeza yote au ahame. Hakunijibu. Alibeba beseni lake akaingia ndani.

Sasa choo chenyewe. Asubuhi ukivuta, maji yanashuka kivivu kama yanadaiwa, mzigo umebaki pale pale unakutazama. Mimi nilijua bomba limeziba. Lakini ukimwaga ndoo kwa mpigo, mzigo unaenda bila ubishi. Kumbe bomba zima! Chini ya sinki kuna kona kama herufi S, ambayo Mskoti mmoja fundi saa, Alexander Cumming, aliisajili London mwaka 1775. Maji yanayobaki kwenye kona yanazuia harufu. Ili kona ivute mzigo, maji lazima yaje mengi na kwa kasi.

Usiku mmoja usingizi ukagoma, nikasikia ssss kutoka chooni. Nikafunua tangi. Maji hayajafika kwenye alama, boya limelala, na bomba linaendelea kuingiza. Yanaenda wapi? Nilikuwa na juisi ya zabibu imelala (Dodoma hii bwana, zabibu hazikosi), nikaimwaga yote ndani ya tangi, sikuvuta. Baada ya nusu saa sinki limekuwa jekundu!

Mpira wa chini ulikuwa unavujisha. Mita inazunguka usiku kucha na sisi tumelala. Mgao ukikata alfajiri, tangi linajimaliza lenyewe, ndiyo maana asubuhi halina nguvu.

Kulipokucha nikafunga koki, nikavuta tangi likaisha, nikachomoa mpira. Una ukoko mweupe kama chokaa, ule ule wa kwenye birika. Maji yetu yanachimbwa ardhini kule Mzakwe, chumvi haikosi. Nikaenda nao Majengo dukani, maana ukienda mikono mitupu utapewa saizi ya jirani. Pale unapokalia nikasugua kwa siki na kitambaa. Mnyororo uache ulegee kidogo tu. Ukikaza sana mpira haufungi, ukiwa mrefu haunyanyuki. Vile vitundu chini ya ukingo wa sinki navyo vilikuwa vimezibwa na ukoko, nikavilaza na siki, kesho yake nikazibua kwa waya. Ila jamani, siki usiichanganye na dawa ya kung'arishia nguo, ule moshi wake unaua.

Nikamwita mzee. Tukafunga mabomba yote, tukatazama mita. Kimya, haisogei. Mzee akakohoa, akasema ya nyongeza tutagawana wote, akaondoka zake.

Nikabaki na kazi ngumu kuliko choo. Nikabisha hodi chumba cha tatu. Sufuria zilikuwa zimeshafungwa kwenye boksi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuniambia na kuoga nako nipunguze?"

Nikamweleza yote, na juisi, na mpira, na mdomo wangu. Akasikiliza huku anamfunga mtoto mgongoni. Halafu akaniuliza kama ile siki imebaki, birika lake nalo lina ukoko.

Nilimpelekea chupa nzima.