Arobaini Si Umri wa Kufungiwa Mlango

Imekuwa desturi katika baadhi ya ofisi zetu kumdhania mtumishi kuwa ni kama nguzo: palipochimbiwa ndipo pa kuozea. Karani wa miaka 42 akiomba ruhusa ya kwenda kusomea uuguzi, kazi ambayo moyo wake umeielekea tangu ujana, hujibiwa kwamba wakati wake umepita. Sisi hatukubaliani na jibu hilo.

Na tutazame Ifakara, katika bonde la Kilombero. Ilianzishwa pale maabara ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Mwanzilishi wake, Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1902, hakuanzia kazi hiyo. Alikuwa mtaalamu wa elimu ya wanyama, na uchunguzi wake wa ujanani ulihusu mayai ya nzi wadogo wa matunda. Alikuwa amekwisha kutimiza miaka 40 ilipoundwa mjini Basel, mwaka 1943, taasisi ya magonjwa hayo aliyoiongoza. Na alikuwa akikaribia hamsini alipojishughulisha na papasi wa Ifakara na homa waienezayo. Mwaka 1961 kikafunguliwa hapo kituo cha kuwafundisha watumishi wa afya wa vijijini. Mbegu ile leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, iongozwayo na Watanzania wenyewe. Uchunguzi uliofanywa Kilombero na Ulanga katika miaka ya 1990 ulidhihirisha kwamba vyandarua vyenye dawa huokoa maisha ya watoto wadogo.

Huenda msomaji akasema: Geigy alitoka katika ukoo wenye viwanda, na karani wetu ana mshahara mmoja na watoto watano. Ni kweli, na hapo ndipo ilipo hoja yetu. Tajiri hubadili kazi kwa uamuzi wake. Mnyonge huhitaji kufunguliwa mlango. Siti binti Saad wa Fumba alikuwa muuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Visiwa vyetu vingepungukiwa na nini lau angeambiwa abaki na vyungu vyake?

Hatutetei utoro wala tamaa ya kurukaruka. Atakaye kuhama na atoe taarifa mapema, amfundishe atakayeshika nafasi yake, na aonyeshe kwamba anaiweza kazi aitakayo. Lakini wakuu wa idara nao wana wajibu. Ombi la likizo ya masomo, hata kama ni bila malipo, lipimwe kwa uwezo wa mwombaji na haja ya wananchi, si kwa tarehe ya kuzaliwa. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mwenye miaka 42 bado anayo 18 ya kututumikia.

Chuoni, tulipokuwa watoto, tulifundishwa kwamba arobaini ndio umri wa mtu kukamilika. Iweje ofisini uwe ndio umri wa kuambiwa kwamba amekwisha?