Mwamuzi, nyoosha huo mkono wa kushoto!

Haya wadau, leo Simba na Yanga naziweka kando. Najua kuna watakaonuna, mtanisamehe. Nataka tuzungumzie softiboli, na ndani ya softiboli nataka tuzungumzie kosa moja tu: mlinzi kumzuia mkimbiaji. Hoja yangu naitoa mapema ili anayetaka kubisha ajipange vizuri. Waamuzi wengi wanalionea aibu kosa hili. Wanaliona kabisa, halafu wanaliacha lipite kwa sababu aliyelitenda anaonekana binti mpole ambaye hakukusudia. Wenyewe wanaita busara. Mimi naita dhuluma.

Kwa wale ambao mchezo huu ni mgeni kwao, nieleze kidogo. Timu moja inapiga, nyingine inalinda. Anayepiga mpira anakimbia kuzunguka besi nne, na akirudi ile ya nyumbani salama timu yake inapata pointi. Walinzi wanajitahidi kumgusa kwa mpira akiwa njiani, au mara nyingine kuufikisha mpira kwenye besi kabla yake. Wakifanikiwa, ametoka. Kutoka besi moja hadi nyingine ni futi 60, yaani mita 18 na kidogo tu. Kwa umbali huo, hatua moja ndiyo tofauti ya kutoka na kubaki. Ukimpunguzia mtu hatua moja umeshamla.

Sasa sheria. Ukiiondolea maneno ya kitabuni ni fupi sana: mlinzi asiye na mpira, na ambaye hayuko kwenye harakati za kuudaka mpira uliopigwa, haruhusiwi kumzuia au kumpunguzia mwendo mkimbiaji anayekimbia kihalali. Basi. Mwamuzi ana maswali mawili tu ya kujiuliza. Huyu mlinzi alikuwa na mpira? Na yule mkimbiaji alikwazwa? Kama jibu la kwanza ni hapana na la pili ni ndiyo, kosa limetendeka.

Angalia vizuri ambacho hakimo humo. Hakuna swali la nia. Hakuna swali la kama waligusana. Mlinzi wa besi ya kwanza amesimama kwenye kona ya besi anaushangaa mpira unavyokwenda uzioni, mkimbiaji analazimika kumzunguka: kosa. Mlinzi wa besi ya pili anajifanya ana mpira kwenye glavu, anafanya geresha ya kumgusa mkimbiaji, mkimbiaji anajitupa chini bure: kosa, na hapo hakuna aliyegusa mtu. Mdakaji anaziba njia ya nyumbani kwa mguu huku mpira bado uko hewani unakuja: kosa.

Hilo la mwisho ndilo lenye kelele nyingi. Zamani vitabu vilimlinda hata mlinzi aliyekuwa "karibu kuupokea" mpira. Sasa karibu ni wapi? Mita mbili? Kumi? Kila mwamuzi alikuwa na karibu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chama cha softiboli cha Marekani, wakati huo kikiitwa ASA, kikayafuta maneno hayo: uwe na mpira, au upishe njia. Vitabu vya ligi mbalimbali bado havifanani neno kwa neno, kwa hiyo soma cha ligi yako kabla hujaja kunirukia.

Na ili tusiwaonee walinzi: mpira uliopigwa ni habari nyingine. Mlinzi anayeufuata mpira uliotoka kwa mpigaji ndiye mwenye njia, na mkimbiaji akimparamia, mkimbiaji ndiye anayetoka. Lakini mpira unaorushwa kutoka kwa mlinzi mwenzake haukupi haki hiyo. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, wakiwemo makocha wenye filimbi shingoni.

Turudi kwa mwamuzi. Anapoliona kosa hasimamishi mchezo. Ananyoosha mkono wake wa kushoto pembeni, na mpira unaendelea. Mpenzi wa soka ataelewa haraka, ni kama refa anapoacha faida. Tofauti ni kwamba wa softiboli ana kazi ngumu zaidi. Palepale inabidi apige hesabu kichwani: kama huyu dada asingezuiwa, angefika besi gani? Mchezo ukitulia, anakwenda kulipa hilo deni.

Chukua mfano. Mkimbiaji anakwenda besi ya pili, anakumbana na mlinzi njiani, anayumba, anaguswa kwa mpira hatua moja kabla ya kufika. Kama mwamuzi anaona angefika, mpira unakufa hapo hapo na anapewa besi ya pili. Kama anaona kwa vyovyote asingefika, bado hatoki, anarudishwa ya kwanza, kwa sababu kati ya zile besi mbili alipozuiwa yuko chini ya ulinzi, ukiacha makosa machache atakayoyafanya mwenyewe, kama kuruka besi bila kuikanyaga. Lakini akipata tamaa, akaipita ya pili ambayo ndiyo angestahili, akaguswa karibu na ya tatu? Huyo ametoka. Sheria inamrudishia alichonyang'anywa, haimpi mtaji wa ziada.

Sasa niambie, hapo ubaya uko wapi? Mlinzi hafukuzwi. Hapewi kadi. Hakuna anayeitwa mkorofi. Mambo yanarudishwa yalivyokuwa yawe, mchezo unaendelea. Ndiyo maana nashindwa kuelewa aibu ya waamuzi. Wanalichukulia kosa hili kama shutuma dhidi ya tabia ya mtu, wakati kazi yake ni kurekebisha hesabu tu.

Mfano mkubwa zaidi ninaoujua unatoka kwa ndugu yake softiboli, yaani besiboli, ambako nako nia haiulizwi. Tarehe 26 Oktoba 2013, St. Louis, mechi ya tatu ya fainali za World Series kati ya Cardinals na Boston Red Sox. Zamu ya tisa, matokeo 4-4. Mdakaji wa Boston, Jarrod Saltalamacchia, anarusha mpira besi ya tatu kumuwahi Allen Craig. Mpira unapita. Will Middlebrooks, mlinzi wa besi hiyo, amejirusha kuufuata na sasa amelala kifudifudi. Craig anainuka kwenda nyumbani, anajikwaa kwenye miguu ya Middlebrooks, anaanguka, anainuka tena, anachechemea. Mpira unamuwahi nyumbani, anaguswa. Kwa macho ya kawaida ametoka.

Lakini mwamuzi wa besi ya tatu, Jim Joyce, alikuwa ameshaonyesha kosa. Mwenzake wa nyumbani, Dana DeMuth, akalithibitisha. Craig salama, Cardinals 5-4, mechi imekwisha. Fainali za besiboli ya Marekani zikapata mshindi wa mechi kwa kosa la mtu aliyekuwa amelala chini na hana pa kwenda!

Kelele zilizopigwa unaweza kuzifikiria. Alikuwa akimbilie wapi? Alikusudia nini? Yote kweli, na yote hayahusu. Alikuwa hana mpira, na mkimbiaji alikwazwa. Na Joyce huyu ndiye yule ambaye mwaka 2010 pale Detroit alikosea uamuzi besi ya kwanza, akamharibia Armando Galarraga mechi kamilifu ikiwa imebaki kutoka mtu mmoja tu, kisha akakiri hadharani kwamba amekosea. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwingine baada ya hapo angejificha, angesubiri wachezaji wamalizane wenyewe. Joyce hakujificha. Na dunia haikuisha, maana Boston hao hao ndio waliotwaa ubingwa mwaka ule.

Kuna wanaosema mwamuzi asiamue mechi, awaachie wachezaji. Kauli tamu sana hii. Lakini mkono usiponyooshwa nao umeamua, umempa mlinzi ile hatua moja. Tena umeamua bila rufaa, kwa sababu kwenye softiboli kocha anaweza kupinga tafsiri ya sheria, ila hawezi kukata rufaa dhidi ya kile ambacho mwamuzi amekiona au hakukiona. Kimya cha mwamuzi ni hukumu ya mwisho.

Na hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mkimbiaji aliyezuiwa afanye nini? Softiboli haimruhusu kumparamia mlinzi. Akimgonga wima mlinzi mwenye mpira, yeye ndiye anayetoka, na akifanya kwa ukatili anaweza kufukuzwa uwanjani. Kwa hiyo tumemwambia: usisukume, usigonge, usilipize, kimbia tu, haki yako ataitazama mwamuzi. Halafu mwamuzi naye anaona aibu! Usishangae siku binti huyo akiamua kujitetea kwa bega lake. Mguu wa mtu utavunjika hapo. Besiboli ilijifunza hivyo: Mei 2011 Buster Posey, mdakaji wa San Francisco, aliparamiwa nyumbani akavunjika mguu, na ilipofika 2014 ligi kuu ikaweka sheria ya kudhibiti migongano ya nyumbani. Mwaka 2024 ligi hiyo hiyo iliwakumbusha waamuzi wake wakaze uzi kwa walinzi wanaoziba besi. Kama wenye kamera kila kona bado wanakumbushana, sisi je?

Hoja moja ya waamuzi naikubali. Mechi nyingi za mashuleni zina mwamuzi mmoja au wawili, na kosa hili hutokea mahali ambapo mpira haupo. Macho ya kila mtu yanafuata mpira, na mkimbiaji anakwazwa kule nyuma. Ni kweli. Lakini hiyo ni sababu ya kufundishana kuiba jicho, kumtazama mkimbiaji anapoikata kona ya besi ndipo urudi kwenye mpira. Na ni sababu ya kuwadai waandaaji walete mwamuzi wa pili. Haiwezi kuwa sababu ya kuliacha lile ulilokwisha kuliona.

Nayasema haya kwa sababu mchezo huu hapa kwetu bado ni mchanga. Wasichana wa sekondari wanaucheza, besiboli ina uwanja wake pale Azania, Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na waamuzi wanaofundishwa leo ndio watakaowafundisha wa kesho. Soka tuliiachia ikakua na tabia zake, leo tunalia. Huku bado kuna nafasi.

Kwa hiyo ndugu mwamuzi, hana mpira na kamkwaza mwenzake? Nyoosha mkono. Mama mzazi wa mlinzi akizomea jukwaani, mwache azomee.

Naomba kutoa hoja.