Mwanamke wa Ziwani Hahitaji Jina la Kuazima

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Kauli hii hukaririwa mno katika insha zetu, lakini utekelezaji wake ni haba. Bendi ya Inkubus Sukkubus, iliyoasisiwa Uingereza mwaka 1989, imejenga jina lake kwa kuuoanisha muziki wa roki ya kigothi na visaasili vya miungu wa kike walioabudiwa Ulaya kabla ya Ukristo kuenea. Kwao neno upagani si tusi, bali ni utambulisho. Huku kwetu, kijana anayechagua fulana nyeusi ya mitumba katika Soko la Kibuye aweza kuvutiwa na picha za aina hiyo, ilhali kisa cha mwanamke aliyetoka katika ziwa la kwao hukiita ushetani. Ukinzani huu unatuhusu sisi wanafunzi wa fasihi.

Ikumbukwe kwamba, kwa mujibu wa masimulizi ya Wajaluo, Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi fukara wa Gwasi. Siku moja alivua mwanamke badala ya samaki. Alipomwoa, mifugo ikajaa bomani. Utajiri ukamlevya, akamtusi mkewe. Mwanamke akarejea ziwani na mifugo yote ikamfuata, naye Nyamgondho akageuka mti ufukweni. Vivyo hivyo, karibu na Kendu Bay, yasemwa kuwa kijiji cha Simbi kilididimia kwa kumnyima bibi kizee hifadhi.

Je, wanawake hawa ni miungu? Kwa maoni yangu, la. Katika visa hivi hawatambikiwi wala hawaombwi. Wao ni mizani ya kupimia utu wa mwenyeji na wa mume. Isitoshe, lugha zetu zenyewe zinatutahadharisha. Katika Kiswahili, neno Mungu na kiwakilishi "yeye" havibainishi jinsia, na ndivyo ilivyo kwa Nyasaye na "en" katika Dholuo. Hivyo basi, mhakiki anayemwita mwanamke huyu "mungu wa kike" humvika joho la Wagiriki, na anayemwita "pepo" humhukumu kabla ya kumsikiliza. Wote wawili hawajasoma kisa.

Wapo waumini watakaodai kwamba kuvifundisha visa hivi ni kufufua matambiko. Hoja yao yastahili jibu la heshima. Tunasoma visa vya Fumo Liyongo, shujaa aliyeuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na hakuna anayemwabudu. Kufahamu si kuamini. Marehemu Ayub Ogada naye aliipeleka nyatiti ughaibuni, na wimbo wake "Kothbiro" ukasikika katika filamu ya mwaka 2005, The Constant Gardener. Ugenini ala hiyo ilipokewa kama sanaa. Mbona nyumbani tuitilie shaka?

Hatuna budi, basi, kuwaendea wazee wa Gwasi na wapiga nyatiti, tuviandike visa hivi kwa Kiswahili sanifu, tukiyahifadhi majina ya Kijaluo, na kuvijadili darasani kama tunavyovijadili vya pwani. Mwanamke wa Nyamgondho aliondoka kwa kudharauliwa. Tukiendelea kumdharau, tutabaki ufukweni tukiimba miungu ya wenzetu.