Saa Kumi na Tatu

Oklahoma City

Kaka, wifi, na nyote mlio kwenye kundi la kamati ya harusi,

Nimetoka zamu ya usiku, sijavua hata viatu, naandika kabla hasira haijapoa.

Ripoti ya mweka hazina nimeisoma mara tatu. Zimekusanywa shilingi milioni 38, na kati ya hizo milioni 9 zimekwenda kwenye vinywaji. Siku ileile ya ripoti, Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, mtu akatuma kwenye kundi picha ya rubani wa kike amesimama mbele ya ndege kubwa, mabegani ana mistari minne. Mkaipigia makofi mpaka simu yangu ikaisha chaji. “Wanawake wanaweza!” mliandika, mmoja baada ya mwingine. Na humo ndani ya kundi, kimya, yumo binti wa kaka yangu, mdogo wake bibi harusi, ambaye daftari lake la kurukia limesimama kwenye saa 27 tangu mwaka jana. Hakuna hata mmoja aliyemtaja.

Mtoto huyu amekwisharuka peke yake. Mwalimu alishuka, akafunga mlango, naye akaipandisha ndege na kuitua bila mtu kando yake. Leseni binafsi inadai saa 40. Zimebaki 13. Saa moja ya Cessna pamoja na mwalimu ilikuwa inakaribia laki sita alipoacha. Zidisheni wenyewe. Vinywaji vya usiku mmoja vingemaliza kazi, na chenji ikabaki.

Msiniambie harusi ni harusi. Najua, na nimechangia. Nilituma milioni 2 bila kuulizwa mara ya pili, kwa sababu mtu aliye mbali huogopa jina lake likosekane kwenye orodha. Lakini Oktoba, binti aliponiandikia nimlipie saa tano tu, nilimjibu asubiri kodi ya nyumba ipite. Kodi ya huku haipiti, inarudi kila tarehe moja. Nilijua hivyo nilipokuwa naandika. Hilo nitalijibu mimi mwenyewe.

Sasa niwaambie kilichonichoma. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi yupo bibi mmoja aliyekuwa rubani. Jumamosi moja aliniomba nimpeleke kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji. Nikasukuma kiti chake cha magurudumu mpaka kwenye lami, nikakuta wanawake, wengi wao wamestaafu, wamepiga magoti na rola za rangi nyeupe, wanachora dira kubwa ya kuonyesha kaskazini. Kando yao wenzao wanauza chapati za maji na kahawa. Fedha ya zile chapati ni ya kumlipia msichana mmoja saa za kuruka. Msichana mwenyewe alikuwepo, anakusanya sahani. Nilisimama pale nikaiwaza kamati yetu, mweka hazina na daftari lake, wifi na simu zake za kukumbushia ahadi. Nikaona kwamba kazi wanayoifanya wale, sisi tunaijua kuwashinda.

Umoja wao unaitwa Ninety-Nines. Ulianza Novemba 2, 1929, huko New York, marubani wanawake 99 walipoitikia mwito wa wenzao, na makao yake makuu yako hapahapa Oklahoma City. Amelia Earhart ndiye aliyekuwa rais wao wa kwanza. Alipopotelea Bahari ya Pasifiki mwaka 1937, wenzake walianzisha mfuko wa masomo wenye jina lake, na mpaka leo mfuko huo unawalipia wanawake leseni za juu. Wanaoanza wana fungu lao, na fungu hilo hutolewa hatua kwa hatua, kadiri mwanafunzi anavyosonga.

Mwendo wa saa moja hivi kaskazini mwa hapa kuna mji wa Langston. Bessie Coleman, mwanamke Mweusi, alisoma chuo pale muhula mmoja tu, ada ikamwishia. Baadaye alitaka urubani, na shule za Marekani zikamkataa kwa rangi yake na kwa uanamke wake. Akiwa Chicago, anatengeneza kucha za watu, alijifunza Kifaransa. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamhimiza na kumsaidia kwenda Ufaransa, na Juni 15, 1921 akapata leseni. Mtu wake mwenyewe, mwenye gazeti la watu wake, ndiye aliyemshika mkono.

Jirani zetu Wakenya nao wana Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Leseni yake ya biashara aliipata mji huuhuu ninaoishi. Nampenda na ninamjivunia kama wa kwetu. Lakini baba yake alikuwa rubani. Binti wa fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, ataambiwa na nani pa kuanzia?

Kaka alikwenda benki kumwombea mkopo. Wakataka hati ya nyumba. Hati haina jina la binti, haitakuwa na jina la binti, na tukiwa wakweli hata ukoo haujawahi kufikiria kuliandika. Na msimtume kwenye mikopo ya kausha damu, nawaomba.

Ninachotaka ni hiki, na nitakirudia kila nikipiga simu mpaka mnichoke. Kamati isivunjwe harusi ikiisha. Kila harusi, kila sendofu, kila kicheni pati ya ukoo huu itoe sehemu moja ya kumi ya makusanyo kabla ukumbi haujalipiwa, iingie kwenye akaunti ya saa. Mweka hazina awe huyuhuyu, maana kwa kukumbusha ahadi hana mpinzani. Fedha isipitie mkononi mwa binti, wala mwa baba yake, wala mwangu. Iende moja kwa moja shuleni, kwa saa zilizokwisha kurukwa, na daftari lipigwe picha litumwe kwenye kundi kama mnavyotuma picha za keki.

Tuanze na walioanza. Aliyesimama miezi sita anarudi mkono mzito, saa za kwanza zote ni za kukumbuka kutua, kwa hiyo kila mwezi tunaongoja tunaongeza deni. Na binti mpya asilipiwe hata lita ya mafuta kabla hajapimwa afya daraja la kwanza, macho na moyo na masikio. Gharama ya kipimo ni ndogo, na ninajua familia iliyouza kiwanja kwanza ikapima baadaye. Wifi, miwani peke yake haimzuii mtu. Ulimtisha mtoto bure.

Mtasema saa 40 ni mlango tu. Kweli. Leseni ya biashara inataka saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa, na kuna vyeti vingine juu yake. Ndiyo maana sitaki mchango wa mara moja. Tangu 2016 nchi yetu inanunua ndege kwa kodi zenu, mwaka 2018 ikaja Dreamliner, nanyi mlizifuata kwenye televisheni kama mnapokea mwali. Mwali huyo anahitaji watu wa kumwongoza kwa miaka na miaka. Kwa nini asiwemo mmoja aliyekulia Tanga, ambaye bibi yake alikuwa akimnyanyua juu ya ukuta aone ndege ndogo zikitua?

Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika miguu asianguke. Kisha nikapanda moja ya hizo ndege, nikaondoka, yeye akiwa na miaka minne, na kwenye simu nikamwambia siku moja ataniendesha. Watoto wanaamini wanachoambiwa na shangazi.

Leo asubuhi nimetuma fedha ya saa mbili shuleni, kwa jina lake. Ya 28 na ya 29. Mweka hazina, risiti nimekutumia. Zimebaki 11.

Shangazi yenu