Sio piko lililoharibika, ni utafiti!

Kuna binti wa mwaka wa tatu, anasoma Kemia chuo kimoja hapo Dar. Wiki nzima bwenini walimtania vidole vyeusi, wakidhani piko limemgomea. Kumbe ni nitrati ya fedha, kemikali ya kupimia chumvi kwenye maji. Ikikugusa, sabuni haisaidii. Doa linakaa siku kadhaa.

Utafiti wake ni wa visima vya mtaani kwao, ambako maji yana chumvi na watu wanayanywa hivyo hivyo. Maabara ina bureti, ina meza, ina mabango ya usalama kibao. Kemikali? Ajinunulie. Na hiyo imetengenezwa kwa fedha ile ile ya pete na mikufu, jamani! Bumu likaishia kwenye kichupa kimoja, binti akashindia mihogo. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ikampa fomu ajaze. Msimamizi wa utafiti alijibu meseji kwa alama ya dole gumba.

Aliyemwokoa ni fundi wa maabara, mzee ambaye kwenye ripoti za wanafunzi hata shukrani hapati. Alimfungulia mlango Jumamosi, akamwonyesha kufunga bureti pale tu umanjano unapoanza kuwa wekundu wa tofali.

"Taratibu mwanangu, hilo tone ni chakula chako."

Sasa chuo kinamtaka kwenye picha za wanafunzi wabunifu. Thubutu! Kwanza wamrudishie hela ya kichupa, na huyo mzee naye awemo pichani. Wadau, mnaonaje?